Sime za Gildas, Bei za Mauricette

Jumapili, 7 Aprili

Mvua tangu alfajiri, lakini nimekwenda. Ni gulio la kwanza la msimu hapa Châtellerault, na mara yangu ya kwanza kusimama nyuma ya meza ya Gildas bila Gildas. Miaka yote ya ndoa yetu mimi nilikuwa wa kuleta kahawa na mkate, kisha nakaa garini nafuma. Yeye ndiye aliyeuza: sime za askari wa zamani wa Ufaransa, zile fupi, pana, zenye makali pande zote mbili, ambazo askari wenyewe walizibandika jina la vikata-kabichi. Januari moyo wake ulisimama akiwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Ameniachia makreti ya tufaha yaliyojaa sime, na hakuna hata moja iliyoandikwa bei. Bei zote alikuwa nazo kichwani.

Binti yangu, Anaëlle, amepiga simu kutoka Nantes. "Mama, uza zote kwa mkupuo. Utakaa na vyuma hadi lini?"

Maxence Loubeyre, ambaye meza yake imetazamana na yetu kwa miaka mingi, amevuka madimbwi akaniletea kahawa.

"Shemeji, usijitese. Hizi mbili nichukue mimi, nikufungulie siku. Euro sitini, sitini. Sawa?"

Nikasema sawa. Nilitaka kulia kwa wema wake. Alipokuwa anaondoka akageuka. "Gildas hakuacha kitu kingine? Kitu alichokiweka pembeni?"

"Kama nini?"

"Aa, nauliza tu."

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Kahawa ya Maxence. Sijauza kitu. Ameuliza tena kama Gildas hakuacha kitu kingine.

Jumapili, 21 Aprili

Tulikuwa Chauvigny. Mvua ilipotulia nikatembea kidogo, na kwenye meza ya Maxence nikaiona sime yangu. Niliitambua kwa ule mkwaruzo wa mpini uliofanana na herufi ya Z. Alikuwa ameisugua shaba mpaka inang'aa kama bomba la bafuni. Bei: euro mia moja na tisini.

"Maxence, hii si ile yangu?"

"Ilikuwa yako, shemeji. Sasa ni yangu. Nimeifanyia kazi."

"Umeipitisha kitambaa."

"Kitambaa nacho hununuliwa!" akacheka, na wenzake wawili watatu wakacheka naye.

Kando yangu mama mmoja mrefu, mwenye buti za mpira, alikohoa kicheko cha dharau. Ni Daktari Ysabeau Corbineau, mganga wa mifugo mstaafu, mkusanyaji wa sime ambaye kila mchuuzi wa mkoa huu humkimbia. Gildas alikuwa akisema mama huyu hukagua upanga kama anayetafuta kupe kwa ng'ombe.

"Kakuibia mara mbili," akaniambia, sauti juu, watu wasikie. "Kwanza kwa bei. Pili kaisugua. Ile rangi ya kahawia iliyokuwa juu ya shaba imechukua karibu miaka mia mbili kuota. Na wewe, mama, umezubaa."

Nimerudi nyumbani nikiwachukia wote wawili. Kama ni kusema kweli, yule mama zaidi.

Jumatano, 24 Aprili

Kreti la mwisho lilikuwa nyuma ya mashine ya kukatia majani. Ndani yake, katika foronya ya maua tuliyopewa harusini, kuna upanga mfupi ambao sijawahi kuuona. Hauna ala. Mpini wake ni wa shaba, una fito mbili za shaba zinazoshuka kwa pembeni, na kwenye kikingio cha mkono kimechongwa kikofia kama kile cha picha za Mapinduzi ya Ufaransa. Nimeurudisha kwenye foronya. Sijui ni nini, ila najua Maxence amekuwa akiulizia nini.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimempigia simu Daktari Corbineau. Nilisema mimi ni yule aliyezubaa.

"Nakukumbuka. Unataka nini?"

"Kujifunza bei."

Nikasikia akivuta kiti. Kisha, "Sifundishi bure. Unapika?"

Jumamosi, 27 Aprili

Amefika saa sita mchana, akala bakuli mbili za kabichi ya kujazwa nyama, akafuta mdomo, akasema, "Haya, leta wagonjwa."

Tumezipanga sime juu ya meza ya jikoni, ukutani, sakafuni hadi mlangoni. Zenye pete nyingi zilizochongwa mpinini ni za mwaka 1831, za askari wa miguu. Zilitengenezwa kwa maelfu, nyingine hapa hapa mjini kwetu, kiwandani kando ya mto Vienne. Zenye magamba kama ya samaki ni za 1816, za wapiga mizinga, na bei yake ni karibu mara mbili. Akanifundisha kusoma chapa ndogo zilizogongwa kwenye chuma. Akanifundisha kupitisha ukucha pale chuma kinapoingia kwenye shaba, kwa sababu hapo ndipo matapeli huunganisha upanga huu na mpini wa ule. Akanionyesha na mshono wa kalibu: mstari mwembamba ubavuni mwa mpini, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana shaba ilipomiminwa.

"Huu si ufa. Mjinga akiuona husema ni ufa."

Nilipomwonyesha ule wa kwenye foronya, aliweka kikombe chini taratibu.

"Mwaka 1794," akasema, "Jamhuri ilikusanya vijana kutoka kila wilaya, ikawapigia mahema nje ya Paris wafundishwe vita. Shule ya Mars. Ilifungwa baada ya miezi michache. Hizi ndizo zilizokuwa panga zao." Akaninyooshea kidole. "Nakupa mia tisa sasa hivi."

Mia tisa! Nikamuuliza, "Kwa nini mia tisa?"

"Kwa sababu hauna ala. Ala zake ni za mbao, shaba na kitambaa chekundu. Nyingi zimeoza. Ukiwa na ala, zidisha mara mbili na zaidi."

"Basi siuzi."

Akachukua kipande cha mwisho cha jibini la mbuzi bila kuuliza. "Vizuri," akasema. Sikujua kama amekasirika.

Jumapili, 5 Mei

Leo sime zote zina bei. Nimeandika lebo kwa mkono, na kwenye kila moja nimeanza na ubaya. *Ala imepasuka. Ncha imevunjika ikanolewa upya. Chapa ya kweli, chuma cha kweli, mpini umelegea. Euro 110.*

Maxence amezisoma zote, mikono mgongoni.

"Shemeji, hii ndiyo namna ya kuuza? Ungekuwa unauza farasi ungeanza na mavi."

Soko zima limecheka. Nimeuza moja.

Jumapili, 12 Mei

Mvua kubwa. Moja.

Jumapili, 19 Mei

Mvua. Nne! Bwana mmoja kutoka Tours amenunua mbili bila hata kuzichomoa alani. Akaniambia, "Mama, wewe umenisaidia kazi. Kwa wenzako ubaya nautafuta mwenyewe kwa lenzi."

Maxence hakuleta kahawa.

Jumapili, 2 Juni

Mvua mpaka ndani ya soksi, na siku ambayo sitaisahau.

Kikundi cha maigizo cha kijiji kimoja karibu na Loudun kinavunjwa; wanachama wamezeeka. Walikuwa wanauza mavazi yao ndani ya ghala. Niliingia kujikinga tu. Kwenye pipa lenye mikuki ya mbao na fimbo za kifalme nikaona kitu chekundu. Nikakivuta. Ndani yake kulikuwa na upanga wa mbao uliopakwa rangi ya fedha, lakini ala yenyewe ilikuwa nzito mno kuwa ya maigizo. Shaba. Mbao. Kitambaa chekundu kilicholiwa na nondo upande mmoja.

Karatasi ilisema: *Pipa lote, euro 15.*

Muuzaji alikuwa bibi mmoja mdogo wa umbo, Bi Eudeline, ameketi kwenye kiti cha enzi cha maboksi akila biskuti. Nilisimama mbele yake nikiwa na euro kumi na tano mkononi. Mtu yeyote angelipa aondoke. Nikakumbuka ile kahawa ya Maxence na ladha yake baadaye, nikashindwa.

"Bibi, hii ala ni ya kweli. Ni ya wakati wa Mapinduzi. Ina thamani ya mamia."

"Hii? Tumemchomea nayo mfalme jukwaani miaka arobaini!"

"Nitakupa mia nne. Ndizo nilizo nazo." Ni kweli, zilikuwa za kurekebisha paa la gereji.

Aliacha kutafuna. Akawaita wenzake. Walinizunguka, wazee wenye makoti ya mvua, wakainusa ala kana kwamba ni mtoto aliyerudishwa kutoka vitani. Kisha Bi Eudeline akanishika mashavu kwa mikono yenye makombo, akanibusu, na pesa zile wameamua waende nazo baharini wote kwa basi.

Nyumbani niliingiza upanga alani kabla hata sijavua koti. Umeingia wote. Unacheza kidogo, kama mguu kwenye kiatu cha kaka. Si ala yake ya kuzaliwa, lakini vyote ni vya mwaka mmoja na shule moja.

Jumatatu, 3 Juni

Anaëlle: "Mia nne, mama? Badala ya kumi na tano? Una akili timamu?" Nikamwambia nina akili kuliko wakati wowote. Gereji inavuja. Nimeweka ndoo.

Jumapili, 14 Julai

Sikukuu ya taifa, jua kali kwa mara ya kwanza. Gwaride la zimamoto, watoto na bendera. Nimeuweka upanga mezani, umefungwa kwa waya kama kanuni zinavyotaka, na lebo yake: *Upanga: wa kweli, 1794. Ala: ya kweli, 1794, ila ya upanga mwingine. Vimekutana Juni mwaka huu. Nondo wamekula upande mmoja. Euro 2,400. Sipunguzi.*

Maxence alisoma, akasoma tena. Hakutania. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona basi lake likiondoka.

Jumapili, 4 Agosti

Naandika usiku, na hasira bado haijaisha.

Mume na mke kutoka Ubelgiji walikuwa wameushika ule upanga karibu nusu saa. Mume alikuwa tayari anatoa pochi. Maxence akaja, akawainamia kwa upole kama daktari mwenye habari mbaya.

"Samahani kuwaingilia. Huyu ni shemeji yangu, nampenda, hajui kazi. Mume wake alikuwa akiunganisha vipande. Huo ni mpini wa huku na chuma cha kule. Msije mkasema hatukuwaambia."

Kuniita mjinga ningevumilia. Gildas! Gildas, aliyewahi kuendesha gari hadi Limoges kumrudishia mtu pesa!

"Mwongo wewe!" nikapiga kelele. Wabelgiji wakarudisha upanga taratibu, wakaondoka. Mwenyekiti wa kamati ya gulio akaja kuniomba niufunike mpaka "jambo hili liwe wazi."

Baada ya saa moja mtu mwenye koti la kaki, ambaye sijawahi kumwona, akanong'ona kwamba yeye hajali maneno, atanipa mia nne. Mia nne! Nikakataa. Nilipokwenda chooni nikamkuta kwenye baa ya gulio, meza moja na Maxence, chupa moja, glasi mbili. Maxence akaniona nikimwona.

Kwa hiyo ndiyo hivyo: kauchafulia jina ili aupate kwa mia nne. Miezi yote hii, shemeji, shemeji.

Jumanne, 6 Agosti

Nimempigia Daktari Corbineau. Amefanyiwa upasuaji wa nyonga, hatatoka hadi Septemba. "Nisikie, Mauricette," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Usimtume mtu akutetee. Unajua kila nilichokionyesha. Tumia."

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Nilibaki nyumbani na sime zote. Nilifumba macho nikazitambua kwa vidole, moja moja.

Jumapili, 25 Agosti

Mvua imerudi. Hakuna anayesimama mezani kwangu. Nasikia wananong'ona. Nimeuza nyundo ya Gildas.

Ijumaa, 6 Septemba

Kesho kutwa ni gulio kuu. Anaëlle amekuja kutoka Nantes. Anasema amekuja kunisaidia kubeba, lakini najua amekuja kunizuia. Nimepika, amekula, ameona lebo mpya niliyoiandika, kubwa kuliko ya kwanza, maneno yale yale. Kisha akasema, "Mama, ngoja nikuandikie hizo herufi vizuri, zionekane kwa mbali."

Jumapili, 8 Septemba

Naandika haraka nisije nikasahau hata neno.

Asubuhi ukungu mtoni, kisha jua. Watu walikuwa wengi mpaka njia haipitiki. Niliweka upanga katikati ya meza, bila kifuniko. Mwenyekiti akaja mbio, na Maxence nyuma yake, na nyuma ya Maxence nusu ya soko.

"Mama Bodineau, tulikubaliana..."

"Ulisema mpaka jambo liwe wazi. Basi liwe wazi leo." Nikafungua waya, nikauchomoa upanga, nikampa Maxence kwa upande wa mpini. "Umesema umeunganishwa. Onyesha kwa kidole. Wapi?"

Hakutarajia. Aliugeuza huku na huku, jasho likimtoka juu ya mdomo. Watu wakasogea. Mwishowe akaweka kidole ubavuni mwa mpini.

"Hapa. Kuna mstari. Hapa ulifunguliwa ukafungwa."

"Huo mstari?"

"Huo huo. Kila mtu auone."

"Nanyi mmesikia?" nikawauliza watu. Nikavuka njia hadi mezani kwake, nikachukua sime yake ghali kuliko zote, iliyosuguliwa ikametameta, nikarudi nimeiinua juu kama mwenge. "Maxence, hii ni ya kweli au imeunganishwa?"

"Ya kweli, bila shaka! Mia nne na hamsini hiyo!"

"Basi mbona ina mstari pale pale?"

Nikampa bwana wa kwanza aliyesimama mbele, akaangalia, akampa mwenzake. Nikawapa na zangu tatu. Zote zina mstari. "Huu ni mshono wa kalibu," nikasema. "Shaba humiminwa ndani ya nusu mbili, zikikutana huacha alama. Ukitaka kujua kama upanga umeunganishwa, usitazame hapo. Pitisha ukucha hapa, chuma kinapoingia. Pitisha wewe, bwana. Umesikia kitu?"

"Laini," akasema.

"Laini! Tena tazama kutu: imepita kutoka kwenye chuma ikaingia chini ya shaba bila kukatika. Kutu haijui kudanganya mteja."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika hadi darajani. Hata mwenyekiti alijikaza akashindwa. Maxence alijaribu kucheka pia.

"Haya, shemeji, umekuwa profesa..."

"Sikia. Mimi si shemeji yako hapa. Hapa mimi ni mchuuzi mwenzako, na meza yangu inatazamana na yako. Na marehemu mume wangu utamsema kwa adabu."

Kisha, mbele ya wote, akasema, "Gildas hakuwahi kuunganisha upanga." Akaenda zake kwenye meza yake, akageuza mgongo, akaanza kupanga vitu vilivyokwisha kupangwa.

Ndipo umati ukapasuka, na Daktari Corbineau akapita katikati na magongo mawili, buti zile zile za mpira. Sikujua amekuwepo muda gani. Nilijua anautaka ule upanga tangu siku ya kabichi, na nilijua akisema neno moja baya tu, bei itaanguka mpaka mikononi mwake. Alivaa miwani. Akasoma lebo yote, polepole, midomo ikichezacheza. Akaupima upanga alani, akausikia unavyocheza.

"Ala si yake," akasema kwa sauti.

Watu wakanigeukia.

"Na ndivyo ilivyoandikwa. Kila neno hapa ni kweli. Elfu mbili na mia nne. Nachukua."

Hakupatana hata senti! Yeye, aliyewahi kubishana na Gildas asubuhi nzima kwa ajili ya euro tano!

Bwana mmoja kutoka Lyon akainua mkono nyuma. "Mama, natoa elfu mbili na mia saba!"

Anaëlle akanishika kiwiko. Mia tatu zaidi. Paa la gereji.

"Asante, bwana. Bei ni ile iliyoandikwa, na daktari ametangulia."

Watu walipiga makofi. Si kwa adabu. Walipiga kama mpira umeingia golini. Bwana wa Lyon naye alipiga, halafu akabaki mezani kwangu, akanunua sime tano za 1816 kwa bei ya lebo. Kufikia saa nane mchana makreti matatu yalikuwa matupu. Anaëlle alikuwa akifunga vifurushi, akipokea pesa, akiwaambia wateja, "Soma ubaya kwanza, bwana, ndio utaratibu wetu." Wetu!

Daktari alikaa kwenye kiti changu, upanga mapajani, analamba vidole vya pai ya jibini niliyomletea.

"Ungeweza kunisaidia mapema," nikamwambia. "Umesimama pale unatazama."

"Nilikuwa nafurahi," akasema. "Tena ulikosea kitu kimoja."

"Nini?"

"Bei. Mimi ningelipa elfu tatu."

Tukacheka mpaka akaniomba nimshikie nyonga.

Jumatatu, 9 Septemba

Mwili unauma kote. Nimelala hadi saa nne. Raha tupu.

Jumapili, 15 Septemba

Jua. Saba. Wachuuzi wawili wa upande wa mto wameanza kuandika ubaya kwenye lebo zao. Mmoja ameandika: *Imevunjika, lakini si sana.* Nimemwambia afute maneno matatu ya mwisho.

Jumapili, 29 Septemba

Gulio la mwisho la msimu. Nilipofika nilikuta watu wanasubiri tayari pale inapokaa meza yangu, na meza bado iko garini. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa makamo, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo. Ameletewa na baba yake mzee kutoka darini, hajui kama ni takataka au ni mali.

"Nimempelekea yule bwana wa pale kwanza," akasema, akionyesha ng'ambo ya njia. Maxence alikuwa amesimama na kikombe cha kahawa, anatutazama. Hakuinua mkono, lakini hakugeuka pia. "Amekiangalia sana. Kisha akaniambia, nenda kwa Mauricette, akisema yeye ni kweli, basi ni kweli."

Nikaweka kreti chini, likawa kiti. Nikavaa miwani. Jua lilikuwa linapanda juu ya mto, zuri, la kutosha kusomea chapa yoyote.

"Fungua taulo, mama," nikamwambia. "Tuanze na ubaya."